Likizo na wazazi au na marafiki: mwongozo kamili wa kuamua pamoja na kijana wako

Kila likizo ndefu inapokaribia, wazazi huniuliza swali lile lile: "Mwanangu hataki tena kusafiri na sisi, anataka kwenda na wenzake. Nifanye nini?" Nimelijibu kwa kifupi mara nyingi, na bado watu wanarudi kwangu wakiwa wamegombana nyumbani. Wengi wanakwama mahali pamoja. Wanasema ndiyo au hapana kabla ya kujua safari yenyewe ikoje, kisha wiki moja kabla ya kuondoka wanageuza uamuzi. Kijana anajifunza kwamba jibu la mzazi ni la kuviziwa, si la kujadiliwa.

Mwongozo huu ni wa mzazi au mlezi wa kijana wa miaka 13 hadi 17. Ufuate kwa mpangilio. Ukiruka hatua ya 2, hatua ya 5 itakushinda.

## Vitu vya kuandaa kwanza

- Muda: anza wiki 6 hadi 8 kabla ya likizo. Ukianza zikiwa zimebaki siku tano, utaishia kukubali shingo upande au kukataa kwa hofu.
- Daftari moja la safari, ambalo wewe na kijana wote mtaandika humo.
- Kiasi cha fedha mnachoweza kutoa bila kukopa, kikiwa kimeshapangwa.
- Namba za simu za wazazi wa kila rafiki anayetajwa, bila kumwacha hata mmoja.
- Nakala za cheti cha kuzaliwa, kitambulisho au pasipoti, na kadi ya bima ya afya.
- Simu ya kijana, chaja, na betri ya akiba iliyojaa.
- Mkoba mdogo wa huduma ya kwanza na dawa anazotumia, zikiwa kwenye pakiti zake zenye maelekezo.
- Makubaliano na mzazi mwenzako. Kama mmoja anakubali na mwingine anakataa, malizeni hilo wenyewe kwanza. Kijana akiona ufa, atapita hapo hapo.

## Hatua ya 1: Sikiliza ombi lote kabla ya kulijibu

Akija na ombi, usiseme ndiyo wala hapana. Mwambie: "Nimekusikia. Jumamosi jioni tukae, unieleze yote, na Jumanne nitakupa jibu." Kisha ishike hiyo Jumanne. Ukiipitisha kimya, kazi yote iliyobaki imeharibika.

Siku ya kukaa, muulize na uandike: Nani wanakwenda? Wapi? Siku ngapi? Mtafanya nini tangu asubuhi hadi usiku? Halafu swali lenye uzito kuliko yote: ni kitu gani kwenye safari ya familia kinakuchosha?

Binti yangu alipokuwa na miaka 15 aliniambia hataki kabisa kusafiri na sisi. Niliumia, nikadhani ametuchoka. Tulipokaa na daftari ndipo ukweli ukatoka. Likizo iliyotangulia alilazwa chumba kimoja na wadogo zake wawili. Asubuhi alikuwa yeye wa kuwaogesha, usiku yeye wa kungoja walale ndipo azime taa. Sisi tulirudi tumepumzika. Yeye alikuwa amefanya kazi siku kumi, na hakuna aliyemshukuru.

Si kila ombi la kwenda na marafiki ni la kukimbia wazazi. Wakati mwingine kijana anaomba chumba, usingizi au heshima, na neno alilo nalo karibu ni "marafiki". Wakati mwingine anawataka marafiki kweli, na hilo nalo ni haki ya umri wake. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, kifungu cha 12, unataka mtoto asikilizwe katika mambo yanayomhusu, na maoni yake yapewe uzito kulingana na umri na upevu wake. Kusikilizwa si kukubaliwa. Lakini kijana aliyesikilizwa mpaka mwisho hupokea hata hapana kwa namna nyingine.

Onyo: usimkatize kwa "enzi zetu". Ukianza tu, daftari limefungwa.

Umefanikiwa ukiweza kumrudishia sababu zake kwa maneno yako naye akasema, "Ndiyo, ndicho ninachomaanisha."

## Hatua ya 2: Pima utayari kwa matendo, usiangalie umri peke yake

Hapa ndipo wengi wanapoanguka. Mzazi mmoja anasema, "Ana miaka 17, ameshakua." Mwingine anasema, "Ana miaka 17 tu, bado mtoto." Wote wanasoma namba. Wewe soma matendo ya miezi 3 iliyopita.

Andika kwenye daftari, kwa mkono wako, ndiyo au bado:

1. Akisema atarudi saa fulani, hurudi, au hupiga simu kabla ya saa hiyo kupita.
2. Ameshasafiri peke yake safari fupi, akabadilisha chombo cha usafiri bila kuelekezwa kwa simu.
3. Ukimpa fedha za wiki, hufika nazo mwisho wa wiki.
4. Huamka, hupika chakula rahisi, hufua na hukumbuka dawa zake bila kusukumwa.
5. Ameshawahi kuwaambia wenzake "mimi hapana" mbele ya kundi, na unaweza kutaja tukio.
6. Akikosea, hukuambia yeye mwenyewe kabla hujasikia kwa watu.

Nne za mwanzo hufundishika kwa wiki chache. Ya tano na ya sita ndizo ninazozitazama mimi kwanza, na nitaeleza sababu.

Akili ya kijana akiwa peke yake si ile ile akiwa na wenzake. Mwaka 2005 Margo Gardner na Laurence Steinberg walichapisha utafiti wa watu 306 waliocheza mchezo wa kuendesha gari kwenye kompyuta, baadhi wakiwa peke yao na baadhi wakiwa na wenzao wa rika. Vijana wa miaka 13 hadi 16 walijihatarisha zaidi walipokuwa na wenzao. Kwa watu wa miaka 24 na kuendelea, kuwepo kwa wenzao hakukubadilisha kitu cha maana. Hivyo kijana anayekujibu vizuri mezani nyumbani hakudanganyi. Anayajua yaliyo sahihi. Shida ni kuyatenda usiku wa manane watu watano wakimshangilia. Ndiyo maana swali la tano linauliza tukio, haliulizi nia.

La sita lina sababu rahisi zaidi: mambo yakiharibika mbali na nyumbani, kitakachomwokoa ni simu yake kwako. Kijana anayekuogopa kuliko anavyoogopa hatari yenyewe hapigi simu hiyo. Kama jibu ni "bado", usimlaumu yeye kabla ya kujiuliza mara ya mwisho alipokiri kosa ulimpokeaje.

Umefanikiwa mkiwa mmeyapitia majibu pamoja, na kwa kila "bado" mmeandika jambo moja la kufanyia mazoezi kabla ya likizo.

## Hatua ya 3: Weka mezani zaidi ya njia mbili

Mabishano mengi yanatokana na kudhani kuna njia mbili tu, kuongozana na wazazi au kwenda peke yao. Katikati kuna ngazi kadhaa:

- Safari ya familia, naye anamleta rafiki mmoja.
- Safari ya familia, ila ana saa zake za kutembea peke yake.
- Familia mbili zinakwenda mahali pamoja, vijana wana chumba au hema lao.
- Anasafiri na familia ya rafiki.
- Kambi ya vijana yenye wasimamizi.
- Usiku mmoja au miwili na marafiki, mtu mzima mnayemjua akiwa karibu.
- Safari kamili na marafiki peke yao.

Kwa kijana ambaye hajawahi kulala mbali na nyumbani bila ndugu, usianzie ngazi ya mwisho. Mpandishe ngazi moja kila likizo, na mwambie wazi ngazi inayofuata ni ipi na inahitaji nini. Kijana anayejua mlango utafunguka mwakani hasukumi sana mwaka huu.

Kama hamwezi kuamua, mimi hupendekeza ya kwanza kwa wa miaka 13 hadi 15. Rafiki mmoja hubadilisha safari nzima ya familia. Zungumza tu na wazazi wake kuhusu gharama, dawa na saa za kulala kabla ya kumwalika, isije ikawa mmeshamwahidi mtoto wa watu.

## Hatua ya 4: Mkisafiri kama familia, mpe sehemu ya usukani

Kumburuta kijana aliyenuna mkasema "atazoea" ni kuharibu likizo ya watu wote. Akija, aje akiwa na mamlaka ya kweli.

Mpe siku moja nzima ambayo ni yake kuipanga: mnakwenda wapi, mnakula saa ngapi, fedha ya siku hiyo iko mkononi mwake. Mkimkabidhi, msimsahihishe. Wadogo zake wasiwe mzigo wake. Kama mnahitaji awaangalie jioni moja, mwombeni kama mnavyomwomba mtu mzima, naye awe na uhuru wa kukataa.

Mwacheni alale. Wataalamu wa usingizi wa Marekani walishauri mwaka 2016 kwamba wa miaka 13 hadi 18 walale saa 8 hadi 10, na katika balehe saa ya mwili husogea mbele, usingizi ukachelewa kuja na kuchelewa kuisha. Mkimwamsha alfajiri kila siku mtapata mtu mwenye hasira, na mtadhani anawachukia. Pangeni safari mbili au tatu tu za alfajiri, zijulikane mapema.

Kuhusu simu, marufuku ya siku nzima haifanyi kazi. Chagueni nyakati mbili ambazo simu za wote zinawekwa kando, za wazazi zikiwemo.

Umefanikiwa siku atakayopendekeza mwenyewe jambo la kesho.

## Hatua ya 5: Akienda na marafiki, ijaze karatasi ya safari kabla ya kusema ndiyo

Kazi ya kuijaza ni ya kijana. Asiyeweza kuandaa karatasi hii hawezi kuendesha safari. Iwe na mambo haya:

- Majina ya wote wanaokwenda, na namba ya mzazi wa kila mmoja.
- Anwani kamili ya kulala, na namba ya mwenye nyumba au mapokezi.
- Usafiri wa kwenda na kurudi, saa, na nani anaendesha.
- Bajeti: nauli, malazi, chakula, na akiba ya dharura inayotosha nauli ya kurudi peke yake siku yoyote.
- Mtu mzima aliye karibu atakayeweza kufika haraka, na kama amekubali.
- Mzio, dawa na magonjwa ya kila mmoja.

Kisha piga simu mwenyewe kwa kila mzazi. Hatua hii watu wanaiona ya aibu, nami niliwahi kuiruka. Binti yangu aliniambia, "Mama, wazazi wa wenzangu wote wameshakubali, ni wewe tu." Nikakubali. Siku mbili baadaye nikakutana na mama wa mmoja wao, akanishukuru kwa kuwa wa kwanza kuruhusu, maana naye aliambiwa hivyo hivyo. Tulipowapigia wengine wawili, nao walikuwa wamesikia kwamba wenzao wote wamekubali. Hakuna mtoto aliyekuwa amedanganya hasa. Kila mmoja alikuwa amelikuza lile "nadhani watakubali" la mwenzake.

Mkiongea, ulizeni mambo matatu: mmeruhusu kweli, masharti yenu ni yapi, na nani atakwenda kuwachukua ikitokea shida usiku. Masharti yakitofautiana sana, kubalianeni ya pamoja. Kijana mmoja mwenye ruhusa ya kila kitu hubadilisha safari ya wote.

Hakikisheni pia nyaraka, kwa sababu hapa safari nyingi huvunjikia mlangoni. Hoteli nyingi haziwapokei wageni walio chini ya miaka 18 bila mtu mzima, kwa hiyo pigeni simu kabla ya kulipa, na muwe na uthibitisho wa maandishi. Mashirika ya ndege yana kanuni tofauti za mtoto asiyeongozana na mtu mzima. Akivuka mpaka, nchi nyingi hutaka barua ya ridhaa iliyosainiwa na wazazi, na nyingine hutaka pasipoti yenye angalau miezi 6 ya uhai. Soma bima ya safari kifungu kwa kifungu, maana baadhi hazimlindi mtoto asiye na mtu mzima.

Onyo: karatasi ikibaki na pengo moja la "tutajua tukifika", jibu ni "bado". Usiseme hapana. Onyesha pengo, mpe siku ya kulijaza.

## Hatua ya 6: Wekeni makubaliano machache, yenye sababu

Orodha ya masharti thelathini haikumbukwi na mtu aliye kwenye furaha. Chagua yale yanayohusu uhai, na sababu yake isemwe.

Barabara. Shirika la Afya Duniani linaziweka ajali za barabarani kuwa chanzo kikuu cha vifo vya watu wa miaka 5 hadi 29. Mkanda kila safari, hata ya dakika tano. Hapandi gari la dereva aliyekunywa, hata kama ni rafiki na hata kama ni usiku.

Maji. Hakuna kuogelea peke yake, gizani, au baada ya pombe. Anayezama mara nyingi hapigi kelele, kwa hiyo wasingoje kelele. Akishikwa na mkondo unaomvuta kilindini, asipambane nao. Aogelee sambamba na ufuko mpaka autoke, ndipo arudi nchi kavu.

Pombe na dawa za kulevya. Msimamo wako uujue yeye kabla ya kuondoka. Lakini mfundishe na hili, kwa sababu huenda akawa yeye mwenye akili timamu chumbani: mwenzake akizidiwa na haamki vizuri, asimwache "alale tu". Amlaze ubavu ili asipaliwe na matapishi, akae naye, apige simu ya msaada hapo hapo.

Moto. Jiko la mkaa au la gesi lisiingizwe chumbani wala kwenye hema kwa ajili ya joto. Gesi ya kaboni monoksidi haina rangi wala harufu, na huua watu wakiwa usingizini.

Picha na mwili. Hakuna kupiga wala kusambaza picha ya mtu bila idhini yake. Hapana ya mtu ni hapana, na yeye ana haki ile ile ya kusema yake.

Mwisho, wekeni neno la siri. Chagueni neno la kawaida ambalo akiliandika au kulitamka kwenye simu, wewe unajua anataka kuondoka pale alipo. Unampigia na kumwambia kwa sauti ya kusikika na wenzake kwamba anahitajika nyumbani. Lawama inakuwa yako, heshima yake inabaki. Ahidi kwamba utamchukua kwanza na maswali yatafuata kesho yake, na uitimize ahadi hiyo hata kama umekasirika mpaka unatetemeka.

Umefanikiwa akiweza kukueleza kila sharti na sababu yake bila kusoma.

## Hatua ya 7: Fanyeni jaribio

Wiki mbili au tatu kabla, walale usiku mmoja mahali pa karibu kwa masharti yale yale. Utaona mengi: nani alisahau chaja, fedha za chakula ziliisha saa ngapi, ujumbe wa jioni ulifika au haukufika. Kasoro ndogo zirekebishwe na safari iendelee. Kama walikudanganya kuhusu mahali walipolala, ahirisha safari, na useme wazi kwamba ni kwa sababu hiyo.

## Hatua ya 8: Wakishaondoka, fuatilia bila kuwaandama

Kubalianeni nyakati mbili za ujumbe, mchana na usiku, na ujumbe mwingine kila wanapohama. Ujumbe mfupi unatosha: "Tumefika, wote wazima." Kushirikiana mahali alipo kwenye ramani ya simu ni vizuri akikubali, ila usikae unaitazama usiku kucha, na usimpigie kila nukta ikisogea.

Panga pia utakachofanya ujumbe usipofika, kabla hofu haijakushika:

1. Subiri dakika 30. Betri huisha na mtandao hukatika.
2. Tuma ujumbe mmoja, kisha piga simu mara moja.
3. Piga kwa rafiki mmoja, halafu wa pili.
4. Piga kwa wazazi wao na mahali walipolala.
5. Mwombe yule mtu mzima wa karibu aende.
6. Kukiwa na dalili ya hatari, au wote hawapatikani, piga polisi.

Kijana naye awe na namba ya dharura ya mahali anapokwenda. Namba 112 hufanya kazi kwenye simu za mkononi katika nchi nyingi, lakini ahakikishe ya huko kabla ya kuondoka, na aiandike kwenye karatasi pamoja na namba yako. Simu ikipotea, namba zote hupotea nayo.

## Hatua ya 9: Mpokee, kisha mpitie daftari

Siku ya kwanza mwache ale, aoge, alale. Hadithi nzuri hutoka zenyewe ukiwa unafanya jambo lingine pembeni yake. Ukimkalisha kama shahidi mahakamani utapata "ilikuwa poa" na mlango kufungwa.

Baada ya siku mbili au tatu fungueni daftari tena. Kipi kilikwenda kama mlivyopanga? Kipi kilikutisha? Ungebadilisha nini? Akikuambia kosa ambalo usingelijua kamwe, mshukuru kwa kulisema kabla ya kulijadili. Kisha kwenye ukurasa unaofuata aandike yeye mwenyewe ngazi anayoiomba likizo ijayo, na wewe uandike chini yake unahitaji kuona nini mpaka wakati huo.